Mkarafuu Usiochumwa

Mwanangu Rahma,

“Karafuu iliyoachwa mtini ni sahani ya wali iliyomwagwa jaani.” Hayo ni maneno ya Ami yako Seif. Kayasema leo mbele ya watu, mkono wake ukiwa ndani ya sinia la biriani nililolipika mimi kwa ajili ya safari yako, na watu wakacheka. Na wewe ulicheka. Kisha ukaongeza: “Kweli, Mama, ungeuchuma tu. Mti mmoja!”

Nilinyamaza kwa ajili ya wageni. Bi Asha wa nyumba ya pili, anayenijua, alipoona nimenyamaza akaanza kukusanya sahani kabla watu hawajanawa. Sasa wageni wameondoka, wewe umelala, na mimi nina kalamu. Namjibu Ami yako, lakini barua ni yako, kwa sababu yeye sikumzaa.

Kwanza, alichosema si kweli. Wali ukimwagwa jaani, huendi kesho ukakuta sahani nyingine imeota pale. Karafuu isipochumwa inachanua. Nyuzi zake nyeupe zinamwagika chini mpaka ukadhani kuna mtu kakuna nazi chini ya mti. Kisha kikonyo kinanenepa, kinakuwa tunda jeusi lenye wekundu kama zambarau iliyoiva, na ndani ya tunda mna mbegu. Njia nyingine haipo. Hakuna mkarafuu Pemba nzima ambao haukutokana na karafuu ambayo mtu aliacha kuichuma, kwa kusudi au kwa kusahau. Nyumba ya babu yenu, milango yake ya nakshi, skuli aliyosomeshwa Ami, gari analotembelea, vyote mwanzo wake ni karafuu iliyoachwa. Akitaka kuiita jaa, basi ajue amezaliwa jaani, na amekula vizuri sana huko.

Pili, mti wenyewe wewe hukuuelewa. Nitauelezea.

Sitakuandikia habari za kula, za kufua, za kuswali kwa wakati wala za kutunza vitambulisho. Hayo ama yameshakuingia ama barua haitayaingiza. Nakuandikia kuhusu shamba la Ole, kuhusu makosa niliyoyafanya mimi na marehemu baba yako katika kulifufua, na kuhusu jambo moja ninalolitaka kwako kabla hujapanda boti.

Ulikuwa mdogo, hukumbuki shamba lile lilivyokuwa likifa. Mikarafuu ilikuwa mizee, mirefu, imekauka vichwa. Leo mti una majani, baada ya muda mfupi umesimama mkavu kama nguzo ya umeme. Baba yako alikuwa akirudi kutoka Ole na kuvua viatu bila kusema kitu, na mimi nikajua kuna mwingine umekwenda. Ukoo wao, kama unavyosikia wakijisifu, ulikuwa na mashamba mpaka macho yachoke. Lililobaki ni kipande kile. Na katika ukoo mzima hakuna aliyejua mkarafuu unaanzaje, kwa sababu hawakuwahi kuuanza. Aliyemiliki aliandikwa jina lake. Aliyechimba mashimo hakuandikwa popote. Mimi ni mtoto wa Makangale, baba yangu alilima mpunga na kufanya vibarua vya msituni, na niliposema nitasia mbegu za mkarafuu kwa mikono yangu, mashangazi zako walitazamana. Mmoja akauliza, kwa upole wote: “Zuhura, kwani kusomesha kumekushinda?”

Miche ya kugawiwa na serikali ilikuwepo, na sikuwa na ugomvi nayo. Ugomvi wangu ulikuwa na mauti. Pale mgongoni mwa shamba, juu ya bonde, palikuwa na mti mmoja ambao jirani zake wote walikufa na wenyewe ukabaki kijani kama haukupata habari. Nilitaka watoto wa mti ule. Nilitaka nijue kwa nini haukufa, na kama umbo lake lina siri, niipande siri hiyo shamba zima. Ndio huo, Rahma, uliousema leo kwamba ni mti mmoja tu.

Sasa sikiliza jinsi mama yako, mwalimu, msomaji wa kila karatasi inayopita Chake Chake hata ya kufungia samaki, alivyoanza.

Tuliacha tawi moja bila kulichuma. Matunda yalipoiva tukayaangua, na mimi nikayatandaza juu ya jamvi, juani. Kila mtoto wa Pemba anajua kwamba karafuu huanikwa. Mvua ikidondoka tone moja Mpemba anaacha chai yake mezani akimbilie jamvi. Basi nikaanika. Nikageuza asubuhi, nikageuza mchana, nikaingiza ndani magharibi, mpaka mbegu zikalia kavu mkononi. Nikazisia kwenye kitalu nilichokitengeneza vizuri mno, nikaezeka makuti juu, nikamwagilia. Kikaota kila kitu. Yaliota magugu ambayo sijawahi kuyaona. Mkarafuu hata mmoja haukutokeza.

Unadhani nilisimama nikajiuliza? Nilikwenda kuandika gazetini. Niliandika kwamba mikarafuu ya Pemba imechoka, mbegu yake haina nguvu tena, na kwamba wanaotuambia tusubiri wanatusubirisha kaburini. Ilikuwa makala nzuri. Watu walinisimamisha sokoni kunipongeza. Nikaalikwa redioni, nikayarudia kwa sauti. Na msimu uliofuata, nikiwa na uhakika kwamba kosa langu la kwanza lilikuwa kutoanika vya kutosha, nikazianika siku nyingi zaidi.

Aliyenitoa huko ni baba yako, na alinitoa kwa kuanguka. Alikuwa akikata majani chini ya mti ule, akateleza, akakaa kitako kwenye majani yaliyooza. Nikamkimbilia. Hakuinuka. Alikuwa akitazama kitu kati ya magoti yake.

“Nassor, umeumia?”

“Sijaumia. Njoo uone walioshindana na makala yako.”

Palikuwa na miche, Rahma. Midogo, majani yake mekundu kama mdomo wa mtoto aliyekula tambuu ya bibi yake, imejiotea yenyewe katika uchafu na unyevu, pale ambapo hakuna aliyeanika wala kugeuza. Mbegu ya mkarafuu haitaki jua. Ikikauka imekufa. Inataka itoke kwenye tunda, ilale majini usiku mmoja, imenywe ngozi kwa vidole, iingie udongoni ingali mbichi. Kile tunachokijua zaidi ya watu wote duniani, kukausha karafuu, ndicho kilichoniulia mbegu zangu misimu miwili. Asiyewahi kuiona karafuu asingeweza kulifanya kosa lile.

Niliandika tena gazetini, kusahihisha. Makala ya kwanza ilisomwa na kisiwa kizima. Ya kusahihisha nadhani ilisomwa na baba yako, na yeye aliisoma kwa sababu nilimkalia mbele. Mpaka leo nikienda Wete kuna mtu ananishika mkono: “Bi Zuhura, ulisema kweli, mikarafuu yetu imechoka.” Nakwenda nikizikanusha hoja zangu mwenyewe mlango kwa mlango. Utakwenda ukakaa na watu wenye sauti, na wewe sauti unayo, umeirithi. Sikuambii uipunguze. Mimi sikuipunguza. Nakuambia tu kwamba neno likishatoka ukilikimbilia hulipati, na wanaolibeba ni wale wanaokupenda.

Kosa jingine linaniuma kuliko hilo, kwa sababu halikuwa la kutojua.

Miche ilipofika magotini, nilitaka tuipeleke shambani vuli ile ile. Baba yako hakutaka.

“Tungoje masika,” akasema.

“Kwa nini?”

“Vuli hii siiamini.”

“Sababu?”

“Sababu sina. N’aiona tu.”

Wewe unanijua. Ukiniambia huna sababu ni kama umenifungulia mlango na kuniwekea kiti. Nilimpa hoja kuhusu mizizi, kuhusu kimo, kuhusu mawingu yaliyokuwa yakipita juu ya bahari, kuhusu woga wa ukoo wake ambao siku zote ulingoja mtu mwingine aanze. Hilo la mwisho halikuwa na haja. Nilizungumza tukitoka Ole mpaka nyumbani Tibirinzi, yeye akisukuma baiskeli na mimi pembeni, na tulipofika mlangoni akaning’iniza kofia yake msumarini akasema, “Haya, bibi. Umenishinda.”

Tukapanda. Mvua ilinyesha kidogo, ya kutusalimia, kisha ikakata. Jua likawaka kama limeitwa. Baba yako alikuwa akibeba maji kwa baiskeli, madumu mawili nyuma na moja mbele, asubuhi kabla ya kazi na jioni baada ya kazi, akimwagilia miche ambayo hakutaka ipandwe. Ilikufa karibu yote. Nilikuwa nikimngojea aseme, “Sikukwambia?” Ningalipata pa kupigania. Alisema tu, “Iliyobaki kitaluni tuipande masika,” akaenda kuoga.

Nilimshinda baba yako kwa maneno, Rahma, na mvua haikuwa ikisikiliza. Tangu siku ile mtu akiniambia nimemshinda namtazama usoni nijue kama amekubali au amechoka. Mara nyingi amechoka. Nimewachosha watu wengi nikawahesabu kuwa wafuasi. Ukiwa huko, na ukamshinda mtu haraka mno, hasa mtu anayekupenda, rudi umuulize tena akishapumzika.

Kisha, ili usidhani kwamba nilipata hekima, kundi lililofuata nililikawiza. Niliogopa vuli, nikaogopa masika, nikaogopa mchwa. Miche ikakaa kwenye viriba mpaka mizizi ikajisokota humo ndani kama kamba ya ndoo, na tulipoipanda ikasimama vizuri, ikapendeza, upepo wa kwanza ukailaza chini. Kuna njia nyingi za kuua mche. Nadhani nimezipitia.

Lakini iliyopona ilipona. Na hapa nataka ukumbuke, maana ulikuwepo, ulikuwa na meno ya mbele yaliyong’oka. Masika ile baba yako alikuchukua wewe na nduguyo Salim. Alichimba mashimo yeye, akawapa nyinyi miche muiweke, akawashika mikono mkashindilia udongo. Safu ya upande wa bonde akasema ya Salim. Safu ya upande wa mgongo, ya Rahma. Kwetu hapa ardhi inaweza kuwa ya mmoja na mti ukawa wa mwingine, aliyepanda ana mti wake, na hilo analijua kila mtu kuanzia sheha mpaka mtoto wa chuo cha Kurani. Ndiyo maana baba yako alimwita nduguye ashuhudie. Ami yako Seif alisimama pale, kanzu ameinyanyua isishike tope, akacheka, akasema, “Mashaallah, hii ya Salim, hii ya Rahma. Na mimi ya kwangu iko wapi?” Baba yako akamwambia, “Vua viatu, upande.” Hakuvua.

Baba yenu aliondoka kabla ya karafuu ya kwanza. Hilo siliandiki zaidi ya hapo.

Sasa kuhusu Ami yako nitasema haki, kwa sababu nimekufundisha kwamba hoja ya mtu uipige ikiwa imesimama, si ikiwa imelala. Seif si mwizi. Alimwosha ndugu yake kwa mikono yake. Alinisimamia eda yangu hakuna kilichopungua ndani ya nyumba, wala hakuwahi kulisema. Salim alipokwenda Maskati, yeye ndiye aliyehangaika naye. Na hoja anayo, nayo si ile ya wali na jaa, ile ilikuwa ya kuwachekesha watu. Hoja yake ya kweli aliniambia jana tukiwa wawili barazani.

“Zuhura, n’ambie wewe. Nani atapanda juu ya nti kuchuma? Salim yuko Maskati, Rahma kesho kutwa anakwenda bara. Mimi magoti haya siyawezi hata kwa ngazi ya msikiti. Utapanda wewe na miwani yako?”

“Nitapanda na miwani yangu ili nizione karafuu.”

“Utaanguka, ukatuachie msiba.”

“Nikianguka nitaangukia shamba langu, si kiwanja cha mtu.”

Akacheka, mimi nikacheka, tukanywa kahawa. Hatukuwa tunatania. Yuko mtu anayelitaka shamba lile ajenge nyumba za kupangisha. Ami ndiye msemaji wa ardhi ya ukoo, na amechoka, na anataka jambo liishe angali hai ili asiwaachie watoto ugomvi. Namwelewa. Anasema miti italipwa fidia. Anasema wewe ukirudi na hicho cheti chako cha upimaji ardhi utawapimia viwanja mwenyewe, na hilo nalo leo lilichekewa sana.

Sasa unaelewa kwa nini ule mti wa mgongoni haukuchumwa. Mwaka huu umeanza kukauka kichwa. Ule ambao haukufa, mama wa miti yenu yote, nadhani safari hii umepata habari. Lakini umezaa kama haujawahi, matawi yanainama, na mimi nikawaambia wachumaji: huu msiuguse. Wakadhani sikusema vizuri. Wakarudi kuniuliza. Wapita njia wakasimama. Mwanamke mmoja wa Ole, simjui hata jina, alishika kifua akasema, “Bi, karafuu zinafunguka hizo! Mnangoja nini?” Ikawa kama nimemvua mtu nguo hadharani. Jioni ile habari ilishafika Tibirinzi kwamba mke wa marehemu Nassor kachanganyikiwa.

Sikuchanganyikiwa. Najua bei. Najua kwamba ua likishafunguka karafuu haiuziki. Najua kwamba nimeacha mazao ya mti mzima yaende. Nimeyaacha kwa sababu nataka mbegu za mti mzima, kwa kuwa mwakani huenda mti wenyewe usiwepo. Na Ami yako, ambaye si mjinga, alielewa upesi kuliko wewe. Ndiyo maana alikasirika. Anayeacha karafuu ziwe mbegu anasema ana mahali pa kuzipanda. Niliijibu posa ya shamba mbele ya kijiji kizima bila kufungua mdomo, na kwa mtu kama mimi, kubali kwamba hilo lilikuwa gumu.

Wewe ulipocheka nilishtuka. Wenzako kucheka hakunidhuru. Kicheko chako ni kitu kingine, kwa sababu safu ya upande wa mgongo ni yako, na Ami anahesabu. Leo ameondoka hapa akiwa ameandika moyoni: Rahma hana neno. Kesho kutwa atampigia Salim, atamwambia, “Nduguyo hana neno.” Wala hatakuwa anaongopa! Salim atakuwa kazini, kelele nyingi, mtu mzima wake anazungumza naye kwa heshima, atasema, “Sawa, Ami, mnavyoona nyinyi.” Kisha utapigiwa wewe, wakati umetingwa na mitihani, na utaambiwa Salim kakubali. Hivi ndivyo mashamba yanavyokwenda katika kisiwa hiki. Hakuna anayenyang’anya. Watu waungwana wanaoneana haya kwenye simu, mpaka siku moja tingatinga limefika.

Nimesoma sana kuhusu mataifa yaliyopoteza ardhi, nimeandika sana, nimepiga kelele sana. Nimegundua kwamba ninayemwogopa zaidi ni mtoto wangu mwema, mwenye adabu, asiyetaka kumvunja ami yake moyo.

Nielewe vizuri. Sikuombi urudi. Nenda, usome, ukitaka kukaa kaa, ukitaka kuolewa Dodoma olewa Dodoma, nitakuja na halua. Wala usiitazame ile miche ukadhani nimekuandikia fumbo. Mimi sipendi mafumbo, nimeyakata kwenye insha za wanafunzi maisha yangu yote. Mche ni mche na wewe ni wewe. Kuondoka kwako si hoja ya Seif, na sitaki aitumie kama hoja. Miti yenu bado ni mifupi, inachumika kwa ngazi ndogo, na wachumaji wa Ole wapo, wanataka kazi. Kitalu nitakiangalia mimi. Nimeshazoea kuua miche, sasa nimebakiwa na njia chache za kukosea.

Nina hamu pia ya kukuambia kwamba unaruhusiwa kunipinga. Ukiona shamba liuzwe, sema liuzwe, na useme kwa nini, nami nitapigana nawe kama ninavyopigana na kila mtu, kwa sauti, mpaka Bi Asha akusanye sahani, na nikimaliza bado wewe ni Rahma wangu. Pengine utanishinda. Lakini usinishinde kwa kucheka mezani halafu ukaingia chumbani kufunga begi. Nimeshindana na watu wa kila aina na silaha hiyo ndiyo peke yake sina cha kuijibu.

Na kama unaona kama ninavyoona, basi kuona hakutoshi. Ami hawezi kusoma kifua chako.

Kesho baada ya alfajiri yeye ndiye anayetupeleka Mkoani kwa gari lake. Anaendesha polepole, unamjua, kila kona honi, na kila anayemwona njiani lazima asimame amsalimu. Muda upo. Utakaa mbele, mimi nitakaa nyuma na begi, na naapa sitafungua mdomo. Barua hii nikiimaliza nitaipiga picha kurasa zote, nimtumie Salim, ataikuta akiamka.

Basi nawaambia nyote wawili, Salim bin Nassor na Rahma binti Nassor, wenye miti. Rahma, garini, kabla hatujafika Mkoani, mgeukie Ami yako, mwite kwa heshima yake yote, umwambie kwa mdomo wako kwamba miti yako haiuzwi na haina fidia. Salim, usimngojee akupigie. Mpigie wewe, kesho, kabla boti ya dada yako haijaondoka gatini, umwambie hivyo hivyo. Msiseme “Mama anataka.” Semeni “mimi nakataa,” na mtaje majina yenu.